Namba ya koperative isikae mu mfuko wa mtu mmoja



Mu Likasi siku hizi karibu kila kitu kinauzishwa mu telefoni. Fungua status za WhatsApp asubuhi: bitenge, viatu, kuku wa nyama, makala, ata nyumba ya kupanga mu Panda ao mu Kikula. Mama anayekaanga bitumbula anapiga picha ya karai lake jua halijatoka, na watu wa kazi wanamwagiza wakiwa bado nyumbani. Hakuna projeti iliyomfundisha. Alimwona jirani yake akifanya, naye akafanya.

Lakini tomate, kabichi, vitunguu na mahindi ya koperative zetu bado vinakaa kando ya barabara, mu jua, vinangoja kamio la mtu tusiyemjua. Njo maana mu mikutano ya miezi hii swali moja linarudi kila mara: "Injenia, na siye tuingie mu Facebook?"

Jibu langu ni ndiyo. Tuingie, tena tulipaswa kuingia zamani. Wale wanaosema mitandao ya kijamii ni mchezo wa batoto wa shule, waangalie wateja wao wenyewe: mwenye restora, mama wa soko, mpishi wa kantini, wote wana WhatsApp mu mkono kutwa nzima. Lakini kuko jambo moja la kutengeneza mbele ya kupiga picha ya kwanza, na koperative nyingi zinaliruka. Ile namba ya telefoni itakuwa ya nani?

Nitafika hapo. Kwanza tuseme ukweli juu ya namna tunavyouzisha leo. Mahindi yanavunwa mwezi wa 4 na wa 5, kila mtu wakati mmoja, na kila mtu yuko na deni la mbolea na la masomo ya batoto. Mwenye kamio anajua. Anakuja na mifuko yake mwenyewe, inajazwa mpaka inaota kichwa, inashonwa na kamba, na kile kichwa hakilipwi. Anataja bei. Wewe huna namna ya kujua kama siku ile bei iko namna gani ku Lubumbashi, kilometa karibu 120 tu, ao ku Kolwezi, ambako hazifiki 200. Ukikataa, anapanda kamio lake anaenda mugini unaofuata. Na kwa tomate ni mbaya zaidi, juu tomate haina siku ya kungoja. Mwezi wa 8 kila bustani ya kiangazi inatoa mara moja, beseni zinajaa mu soko, na mama anarudi jioni na nusu ya mzigo aliotoka nao.

Mnunuzi naye hatujui. Hili watu wanalisahau. Mwezi wa 8 mwaka 2024, Zambia ilipofunga mipaka ya Kasumbalesa, Mokambo na Sakania kwa siku chache, wauzaji wa unga wa mjini walinipigia mimi, mtu wa mbegu na mbolea, kuniuliza nani iko na mahindi. Hawakukosa pesa, na mahindi mu depo za upande wa Lwambo hayakukosa. Kilichokosa ni namba moja ya kupiga na mtu wa kujibu.

Basi vyombo viko. Facebook ilianza mwaka 2004 mu chuo kimoja cha Marekani, WhatsApp mwaka 2009, na toka 2014 zote mbili ziko mu mkono wa mwenyewe mmoja. Mwaka 2018 walitoa WhatsApp Business, ya bure, iliyotengenezwa kwa ajili ya biashara ndogo: unaandika jina la koperative, fasi mnapokaa, saa za kazi, na unapanga picha za bidhaa pamoja na bei. Kutuma makuta kwa telefoni, ambako Wakenya walianza na M-Pesa mwaka 2007, kulifika kwetu na Vodacom mwaka 2012, na sasa iko Airtel Money na Orange Money vilevile. Kinachobaki kulipa ni mega, na akili ya kupanga kazi.

Hapa sikubaliani na wenzangu fulani wa projeti. Wao wanafundisha mtandao kama vile ni redio: tangaza, tangaza, dunia nzima itasikia. Koperative ya watu 40 haihitaji dunia nzima. Inahitaji wanunuzi 30 wanaoijua kwa jina, wanaorudi kila juma, wanaolipa. Nimeona ukurasa wa Facebook wenye "like" mia tano na tomate zinaoza nyuma ya nyumba ya katibu. Wale mia tano wengine walikuwa Kinshasa, wengine Ubelgiji. Walipenda picha.

Mu Kenya, karibu na Nakuru, kulikuwa chifu mmoja, Francis Kariuki wa Lanet Umoja, aliyejulikana sana juu ya namna alivyotumia Twitter. Alituma mambo ya mtaa wake: kondoo aliyepotea, wezi wanaoonekana usiku, mkutano wa kesho. Watu wake wengi hawakuwa na telefoni za intaneti. Yale maneno yaliwafikia kama SMS ya kawaida. Alisikilizwa kwa sababu alisema mambo mafupi, ya kweli, ya leo, na kwa watu wanaomjua. Mu nchi ile ile, Mkulima Young ya Joseph Macharia imekusanya vijana wakulima kupitia Facebook, wanaonyesha wanacholima na kutafuta wanunuzi. Kila tangazo pale linajibu maswali matatu: nini, kiasi gani, wapi. Mengi ya kwetu hayajibu ata moja. "Koperative yetu inasalimia wote, tuko na mazao ya muzuri." Mnunuzi afanye nini na ile salamu?

Tuonyeshe nini sasa?

Picha ya kwanza ya koperative isiwe prezida amesimama mu shamba na kofia ya projeti. Iwe picha ya mizani. Mfuko umening'inia, namba inasomeka, na chini yake unaandika: kilo hamsini, mfuko umefungwa bila kichwa. Mnunuzi wa mjini ameibiwa mara nyingi sawa vile siye tulivyoibiwa, kwa kipimo kilichobondwa ndani, kwa mawe mu maharagi, kwa tomate nzuri juu na mbovu chini. Ukimwonyesha mizani, na siku ya kwanza akipima mwenyewe akakuta sawasawa, atarudi. Kama koperative haina mizani, makuta ya kwanza yaende ku mizani mbele ya kwenda ku telefoni.

Picha ya pili, kwa wenye mahindi, ni ya chupa na chumvi. Wengi mnaijua toka mafunzo ya depo. Twaa chupa ya kioo iliyokauka kabisa, yenye kifuniko. Tia chumvi ya jikoni, kavu, vijiko vichache. Tia mahindi mpaka theluthi moja ya chupa. Funga, tikisa dakika moja kwa nguvu, acha itulie dakika 15. Chumvi ikishikamana na kioo, mahindi bado iko na maji, zaidi ya asilimia 15, haijafaa kufungwa mu mfuko. Chumvi ikianguka yote chini, imekauka. Sasa fanya hivyo mbele ya telefoni: mkono wa mtu, chupa, chumvi inayoteremka, na tarehe ya leo imeandikwa ku karatasi pembeni. Mwenye mashine ya kusaga anajua mahindi ya maji yanamla mara mbili, kwanza ku kilo, kisha ku ukungu, ule unaoleta sumu ya aflatoksini. Ile video ndogo inamwambia zaidi ya maneno "kalite ya muzuri" yaliyoandikwa mara kumi na maua ya rangi.

Kwa tomate, faida kubwa ya telefoni ni kuuzisha mbele ya kuchuma. Siku ya tatu unaandika: "Siku ya tano asubuhi tutachuma beseni 40. Nani anataka?" Komandi zinaingia. Zikifika 25, mnachuma 25. Tomate inayobaki ku mti inangoja siku mbili ao tatu tena. Ile iliyo mu beseni haingoji. Na kwa kuwa mnajua mzigo unaenda wapi, mnachuma kwa akili: ya Lubumbashi mnaitoa ikianza tu kugeuka rangi, ya soko la Likasi mnaiacha iive. Mama anayelala ku soko juu ya gunia kwa kulinda mzigo ambao haujapata mtu, yule njo atapumzika wa kwanza.

Picha ziwe zenu, za siku ile. Nimeona koperative ya kwetu imeweka tomate nyekundu, zinang'aa, zote sawasawa kama mayai, zimetolewa mu intaneti. Mnunuzi akaja, akakuta tomate za kweli, zenye alama za jua, ambazo zilikuwa nzuri kabisa. Akakasirika, akakata bei. Zile za kweli zingeonyeshwa toka mwanzo, hangekuwa na neno. Vilevile mvua ya mawe ikipiga kabichi, onyesha majani yaliyotoboka, punguza bei, sema kwa nini.

Bei iandikwe ao isiandikwe? Watu wanabishana juu ya hili mpaka usiku. Mimi ninasema iandikwe. Wanaoficha wanasema, "Tukiandika, komisionere atajua." Komisionere anajua zamani, ile njo kazi yake. Asiyejua ni mwanachama wetu wa mwisho wa njia, anayeuzisha mbele ya mlango wake kwa nusu. Ni kweli, bei ikionekana, mwanachama mwingine ataona mnunuzi, atampigia peke yake usiku, atamwambia "kwangu ni chini kidogo." Kuzima telefoni hakutamzuia. Kitakachomzuia ni koperative kumlipa mapema, na mizani iwe sawa kwa wote. Mtu anayelipwa siku ile ile haendi kuuzisha usiku.

Sasa ile namba.

Minajua koperative moja, jina ninaliacha, iliyokuwa na katibu kijana, mwenye mayele, mwenye telefoni nzuri. Alianza mwenyewe, bila kuombwa. Alipiga picha, alijibu wanunuzi saa nne usiku, alibeba mfano wa vitunguu ku kinga mpaka mjini kwenda kuuonyesha. Mu miaka miwili koperative ikawa na wateja wa kweli: restora mbili, mama mmoja wa soko anayenunua kwa jumla, na kampuni moja inayopikia wafanyakazi wa mgodi. Wote walikuwa mu telefoni yake. Kisha akapata kazi upande wa Kolwezi. Akaenda, na telefoni ikaenda naye.

Wanunuzi waliendelea kupiga. Angefanya nini? Kwanza aliwatuma ku koperative. Lakini ku koperative hakuna aliyejua walikuwa wanapewa bei gani, kwa siku ngapi, nani analipa mbele na nani analipa nyuma. Mambo yakachelewa. Mnunuzi mmoja akamwambia, "Nitafutie weye." Akatafuta. Leo yeye ni komisionere, ananunua kwa wale wale aliokuwa katibu wao, bila kutoka Kolwezi. Mu mkutano mkuu watu walitaka kumshitaki. Juu ya nini? Telefoni ilikuwa yake. Namba ilikuwa yake. Mega alizinunua na makuta yake. Hakuna karatasi moja iliyosema wale wateja ni wa koperative. Mimi siwezi kumwita mwizi. Koperative ilimwachia soko lake lote mu mfuko wa suruali, na suruali ikaondoka.

Zamani mlango wa soko ulikuwa barabara, na barabara si ya mtu. Leo mlango ni namba tisa zinazofuata sifuri, na zile zina mwenyewe. Anayeshika ile namba anashika majina ya wanunuzi, historia ya bei, na lile neno "nimekuamini" ambalo mnunuzi amelisema mara kumi. Kitu kile kina thamani kuliko mizani na depo pamoja, lakini mu orodha ya mali ya koperative nyingi nilizotembelea hakimo. Mnakuta majembe, pulverizatere mbili, meza, viti sita. Namba haimo.

Sheria haituzuii. Sheria ya OHADA juu ya koperative, iliyopitishwa ku Lomé tarehe 15 mwezi wa 12 mwaka 2010, na OHADA yenyewe Kongo iliingia mwaka 2012, inaifanya koperative iliyoandikishwa kuwa mtu mbele ya sheria. Inaweza kuwa na mali yake, si ya prezida, si ya katibu. Basi kadi ya SIM inunuliwe na makuta ya kashi, na iandikishwe kwa jina la koperative kama kampuni ya telefoni inakubali karatasi zenu. Isipokubali, iandikishwe kwa jina la mtu mmoja, lakini mu proseverbali ya mkutano muandike wazi: namba hii ni ya koperative, fulani ameikopesha jina tu. Wote watie sahihi. Ni karatasi ndogo, lakini siku ya ugomvi njo itakayosema.

Telefoni yenyewe si lazima iwe ya bei kali. Ikae ku depo, ao kwa mwenye zamu, lakini itoke na irudi kama kashi inavyotoka na kurudi. WhatsApp inakuruhusu kuweka kodi ya siri ya namba sita. Ijuliwe na watu wawili, mmoja wa komite ya usimamizi, mmoja wa komisheni ya uchunguzi. Kuko tena kodi nyingine ya namba sita, ile inayokuja kwa SMS. Mtu akikupigia, akisema ni wa kampuni, akisema umeshinda zawadi, akiomba ile kodi, kata telefoni. Ukimpa, mu dakika mbili soko lenu liko kwake. Na ku Facebook, fungueni ukurasa wa koperative badala ya kutumia akaunti ya mtu. Ukurasa unaweza kuwa na wasimamizi wawili ao watatu, mmoja akitoka wengine wanabaki.

Kadi isiyotumiwa miezi mingi, kampuni inaweza kuikata na kuiuzisha kwa mwingine. Mu kiangazi mnaikumbuka, mu mvua mnaisahau mu sanduku. Tieni unite ata kidogo.

Na anayejibu wanunuzi asiwe yule yule anayepokea makuta. Hili sisemi juu ya kudhania mtu vibaya. Ninasema juu ya kumlinda. Kijana anayefanya yote mawili, siku moja hesabu ikikosa franga elfu tano, mugini wote utamwita mwizi ata kama ni kosa la kuhesabu. Kila komandi iandikwe mu buku la karatasi: tarehe, mnunuzi, namba yake, kiasi, bei, na mazao ya wanachama gani yametumika. Buku lisomwe kila mwezi mbele ya watu. Ile sehemu ya mwisho, ya mazao ya nani, ndiyo inayoleta maneno zaidi, juu mwenye telefoni ana kishawishi cha kuanza na shamba la kaka yake. Zamu iandikwe, ionekane ku ukuta.

Prezida mmoja aliniambia: "Injenia, ukituwekea kanuni zote hizi, bijana batachoka, batatuachia telefoni yenyewe." Ana haki nusu. Vijana wanachoka, lakini ninavyoona mimi, wanachoka na kufanya kazi bure kuliko wanavyochoka na kanuni. Kujibu wanunuzi ni kazi, kama kupalilia. Mlipeni. Mkutano uamue kitu kidogo kwa kila beseni ao kila mfuko uliouzishwa kwa telefoni, kijulikane na wote. Yule katibu wa vitunguu, angekuwa anapata haki yake mbele ya watu, labda angeenda Kolwezi vilevile, lakini angeacha buku nyuma.

Tena, kwa nini kila mara kijana mwanaume? Mu bustani za kiangazi bamama njo wengi, na hakuna anayejua bei ya kabichi, ya lenga-lenga, ya matembele kama wao. Wanaambiwa hawajui kuandika. WhatsApp inachukua sauti. Mama anabonyeza, anasema kwa Kiswahili, kwa Kisanga, kwa Kibemba, kwa Kiluba, anaachilia, imeenda. Mama wa soko upande wa pili anasikiliza akiwa anapanga tomate, anajibu kwa sauti. Nimewasikia wakipatana hivyo, na ninawaambia, katibu mwenye diplome hawezi kukata bei kama wao. Kijana amsaidie kupiga picha na kuandika mu buku.

Kwa wasio na telefoni ya Android, wale ndio wengi, ile ya chifu wa Nakuru inatosha: mwenye zamu anatuma SMS fupi kwa wakuu wa vikundi, "kesho beseni 25, saa kumi na mbili, ku depo." SMS inafika ata kule ambako intaneti haifiki.

Mtandao si mwokozi, na projeti zinapenda kuusema kama ndiye. Mu migini mingi rezo inapatikana juu ya kichuguu kimoja tu. Umeme wa Mwadingusha unapita juu ya vichwa vyetu ukienda ku migodi, na siye tunalipa kijana mwenye panneau ya jua kutia telefoni moto. Barabara ikikatika mu mvua, ujumbe utafika na tomate zitabaki. Na intaneti yenyewe inaweza kuzimwa: tarehe 31 mwezi wa 12 mwaka 2018, siku moja nyuma ya uchaguzi, ilikatwa mu nchi yote, ikarudi karibu siku 20 baadaye. Njo maana ninasema namba za wanunuzi ziandikwe mu buku kwa mkono. Aliyekuwa nazo ku karatasi alipiga kwa kawaida, akauzisha.

Wezi nao wako mu telefoni. Mtu anaagiza mifuko 200, hamumjui, anasema ni kampuni, anaomba mutume kwanza makuta ya karatasi za bariere. Ao anatuma SMS inayofanana kabisa na ile ya malipo, na dreva wake anaharakisha. Msiangalie SMS. Fungueni akaunti yenu wenyewe, muone makuta yameingia, njo mzigo upande. Dreva atakasirika. Akae akikasirika, injini imezimwa.

Juu ya mega: koperative nyingi zinamwachia mwenye telefoni anunue mwenyewe, na pale njo mambo yanapoanza kuwa yake. Zinunuliwe na kashi, kwa juma, na risiti ao mstari mu buku. Picha za WhatsApp ni ndogo, hazili mega sana. Video njo zinakula, basi video iwe moja kwa juma, ile ya chupa.

Mu ziara yangu ya mwezi unaokuja nitapita mu koperative za barabara ya Kapolowe, kisha za Lwambo. Nitaleta chupa na chumvi. Mahindi yawe yenu, kutoka mifuko mitatu tofauti, na mmoja utoke chini kabisa ya rundo. Kadi ya SIM, kama iko, ije na proseverbali yake.